Wateja 214 kwa Namba Moja ya Simu

Saa mbili asubuhi, mwalo wa Ujiji. Caritas Ndayiragije amesimama maji yakimfika magotini, boksi kichwani, anagombana na nahodha.

"Gasper, hili usilikalie! Ndani kuna kioo."

"Mama, wewe kila siku kioo. Juzi nimekalia kioo, kumbe viatu."

"Na vilifika vimebonyea!"

Wanacheka wote wawili. Boksi linapandishwa juu ya magunia ya unga, na boti inaelekea kusini, Ilagala na vijiji vinavyofuata.

Caritas, mwenye miaka 39 na watoto watatu, hufungasha bidhaa zinazonunuliwa mtandaoni. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka minne katika duka la Kigoma mjini lililoanzishwa na mfanyabiashara Hamdani, kwa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi. Juni mwaka huu, 2017, Hamdani aliliuza duka kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Wafanyakazi walibaki, rafu zilibaki, hata paka wa stoo alibaki. Kilichohama ni orodha ya wateja, iliyounganishwa na mfumo wa kompyuta wa wanunuzi.

Wiki mbili baadaye lori lilishusha vifurushi 63. Vyote viliandikwa jina moja: Caritas Ndayiragije, Kigoma Mjini.

"Nilidhani Dar wananitania," anasema. "Nikafungua cha kwanza, taa ya sola. Cha pili, shela ya harusi. Mimi nimeolewa miaka kumi na saba, shela ya nini?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, na lilimkosesha raha. Mwambaoni wengi hawana simu. Huenda kwenye kibanda cha Agnesi, muuza vitenge wa Ilagala, wakachagua bidhaa kwenye picha. Agnesi huandika karatasi, Gasper huileta mjini, Caritas huingiza oda kwenye kompyuta. Lakini kompyuta haikukubali oda isiyo na namba ya simu. Kwa hiyo Caritas alijaza ya kwake. Alianza na mtu mmoja, wakawa kumi, na kufikia Juni walikuwa 214. Nani ni nani alikuwa akimweleza Gasper kwa mdomo, boti ikipakiwa.

Mfumo mpya humtambua mteja kwa namba ya simu. Ulipokuta watu 214 kwenye namba moja, ukawafanya mtu mmoja. Mtu huyo ni Caritas.

Julai ilikuja barua kutoka makao makuu. Kwa kuwa kusini mwa Ujiji hakuonekani mteja hata mmoja, ilisema, njia ya mwambao ingefutwa ifikapo Agosti 31. Barua ya pili ilitoka idara ya usalama. Ilitaka kujua mfungashaji mmoja amenunuaje taa 40, jozi 19 za viatu vya shule na shela sita.

Sheria ya kampuni iko wazi: mfanyakazi anayetumia namba yake kwa oda ya mteja anafukuzwa. Caritas angeweza kukaa kimya, njia ikafutwa, na yeye akatafuta maelezo ya zile shela. Siku tatu hakulala vizuri.

"Baba yangu, Hatungimana, alivuka ziwa mwaka 1972 akikimbia Burundi. Mama ni Muha wa Ilagala," anasema. "Nimekua nikimsikia baba akisema, usipokuwa kwenye orodha, hupo. Halafu mimi ndiye niliyewafuta watu wangu. Iliniuma sana."

Agnesi ndiye aliyemkatia shauri. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alimwambia. "Waambie."

Akampigia Telesphory, fundi wa mfumo aliyeko Dar, akaeleza kila kitu.

"Dada, sasa niwatenganishe kwa kitu gani? Majina?" Telesphory aliuliza. "Hapa naona Bukuru kumi na wanane."

"Kaka, huku kila nyumba yenye mapacha ina Bukuru. Kulwa ndiye Bukuru, Doto ndiye Butoyi. Warundi hivyo, Waha hivyo. Majina hayatakusaidia."

"Basi tumekwama."

Hawakukwama. Mwaka 2015, wakimbizi wapya kutoka Burundi walipoteremka Kigoma kwa maelfu, Caritas alijitolea kukalimani kwenye meza ya kuandikisha. Hapo alijifunza kuuliza mambo mawili: mtoto wa nani, na mlima gani? Mrundi hukutajia mlima wake kama mwingine anavyotaja mtaa. Mwambaoni, badala ya mlima, angeuliza kitongoji.

Telesphory alilipeleka wazo kwa wakubwa. Walikubali kwa masharti: Caritas aende mwenyewe, kila mteja athibitishwe uso kwa uso, apewe kadi yenye namba yake, na yote yaishe kabla ya Agosti 31. Suala la kumfukuza lingeamuliwa baadaye. Kwa wiki tatu alipanda boti ya Gasper, akitapika njia nzima. Mtoto huyu wa mwambao hajawahi kupatana na mawimbi.

Kibandani kwa Agnesi, mvuvi mmoja alimwonyesha boksi tupu la kifurushi kilichopotea njia orodha zilipounganishwa.

"Amahoro, dada. Mimi Bukuru. Nimeagiza nyavu, nimepata gauni."

"Bukuru wa nani?"

"Wa Mzee Pastory, kitongoji cha mtoni. Mke wangu amegoma kulirudisha. Tafadhali mwandikie na yeye kadi."

Agosti 30 orodha ilikwenda Dar ikiwa na watu 197. Kumi na sita hawakupatikana, baadhi wamerudi Burundi. Mmoja, Bonaventura, amefariki; Caritas alikabidhi taa yake kwa mjane, akalia naye kidogo.

Jumatatu iliyofuata Telesphory alipiga simu. Njia ya mwambao inabaki. Caritas amepewa onyo la maandishi, na kazi yake ipo.

"Sasa fungua akaunti yako, dada. Nimewatoa wote."

Akafungua. Chini ya jina lake paliandikwa: mteja huyu hajawahi kununua kitu.

"Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakuta ni machozi kweli," anasema. "Miaka minne nafunga vitu vya watu. Cha kwangu, hata soksi."

Ameshaagiza cha kwanza: koti la mvua, kwa namba yake mwenyewe. Mvua zikianza Novemba anakusudia kupanda boti upande wa pili, kutoka mwalo wa Kibirizi kuelekea kaskazini, ambako hakuna aliyeandikwa bado.