Dagaa wa Kumpima Romwaldi

Kwenye maabara ya maji anakofanya kazi Kasiana, hapa Songea, usithubutu kumwambia kijidudu kimekufa kwa sababu tu hakitikisiki. Atakuwakia.

"Dawa huenda imekizimisha tu!" huwakemea wenzake. "Kipe chakula, kiache kwenye joto. Kikila kikazaana, ujue hujakiua."

Jumamosi moja alirudi nyumbani Msamala akakuta mahindi hayajapukuchuliwa, na mumewe, Mwalimu Romwaldi, amejinyoosha mkekani kama gogo.

"Baba amelala fofofo," binti yao Anjelika alinong'ona. "Nimemwita wee, hata hatikisiki."

Kasiana hakubishana. Aliingia jikoni akakaanga dagaa wa Nyasa kwa nyanya na pilipili, akaja akaweka bakuli karibu na pua ya mumewe, kisha akakaa kusubiri kama afanyavyo kazini.

Pua ikacheza. Jicho moja likafunguka. Vidole vikaanza kutambaa taratibu kuelekea kwenye bakuli.

"Yu hai huyu," alitangaza Kasiana akitabasamu, akaliondoa bakuli na kumsogezea gunia la mahindi.