Mkataba Uliojadiliwa Kama Mahari

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Watu huniambia, "Mama, hayo yalishapita, samehe." Nimesamehe, lakini sikuahidi kunyamaza. Na kwa kuwa wiki ijayo wewe mwenyewe unakwenda kukaa na klabu inayotaka kukupangia bei, nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mshambuliaji wa timu moja ya wanawake hapa Stockholm. Usicheke. Magoti haya unayoyaona yakilalamika kwenye ngazi yaliwahi kuwatesa mabeki. Msimu ule nilifunga mabao kuliko mtu yeyote kwenye ligi yetu, na picha yangu ilibandikwa kwenye lango la uwanja. Lakini asubuhi, kabla ya mazoezi, nilikuwa nikipiga deki kwenye shule moja kule Hallonbergen, maana mshahara wa mpira haukutosha hata kodi ya chumba. Nilitaka kitu kimoja tu: mkataba wa kuniwezesha kuacha deki nikacheze mpira basi. Mwili ulikuwa umeshaanza kukataa kazi mbili.

Sasa, kwetu Uvira binti hajizungumzii. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mdogo wake, baba mdogo aliyekuwa akiishi Tumba, nje kidogo ya Stockholm, akasema mkataba ni jambo la ukoo. Alikuja kwenye ofisi ya klabu amevaa suti, na wazee wawili wa kanisa ubavuni, sawasawa na watu wanaokwenda kikao cha mahari. Mimi nikakaa pembeni, macho chini, mikono mapajani, kama binti anavyokaa wazee wake wakizungumza. Kiswidi nilikijua mimi peke yangu kati yetu, kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Mkalimani wa maneno yao, si yangu.

Meneja wa klabu, mama mmoja aitwaye Gunilla, alikuwa ametenga saa moja. Baba mdogo alitumia karibu nusu yake kusalimia, kuulizia afya ya watoto wa Gunilla, na kumshukuru Mungu kwa safari njema ya treni. Kisha akasema yale maneno.

"Sisi ni watu wadogo, tumekuja kuomba. Huyu mutoto wetu angali mudogo, hajui kitu. Mumupokee, mumufundishe. Sasa ni wenu."

Wewe umezaliwa hapa, pengine hujawahi kuketi kwenye kikao cha namna hiyo, ngoja nikueleze. Mzee anapomshusha mwanawe hivyo mbele ya watu, hamaanishi hata neno moja. Anawapa wenzake nafasi. Upande wa pili unatakiwa kupiga kelele, "Jamani mzee, unasema nini! Binti hodari kama huyu!" Wanambishia, wanamwinua mtoto mpaka juu, na hapo ndipo mzee anapotaja kiasi, tena kikubwa, na mazungumzo yanaanza. Kwetu hata mtoto wa shule ya msingi anajua hilo.

Nikatafsiri neno kwa neno. Gunilla akatabasamu, akasema, "Så fint," yaani ni maneno mazuri sana, akatumiminia kahawa. Hakumwinua mtu. Baba mdogo akangoja. Wazee wa kanisa nao wakangoja, vikombe mkononi. Hatimaye Gunilla akatazama saa, akasema klabu inatoa mshahara uleule wa mwaka uliopita, pamoja na viatu.

Baba mdogo alipotaja kiasi chetu, Gunilla akashangaa kana kwamba ametukanwa.

Hatukuelewana. Na mkataba wangu wa zamani ulikuwa na kifungu chake: klabu ingeweza kunibakiza mwaka mmoja zaidi, na tukishindwana kuhusu mshahara, waamuzi watatu wa migogoro, si wale wa uwanjani, wangekata shauri. Kila upande unaleta kiasi chake, na waamuzi wanachagua kimojawapo. Hakuna kukutana katikati. Chama cha wachezaji kikanipa wakili. Baba mdogo akaja kukaa nyuma yangu, suti ileile.

Jumapili kabla ya kikao nilifunga mabao mawili, na Gunilla akanikumbatia mbele ya mashabiki akaniita hazina ya klabu. Jumanne, mwanangu, mwanamke yuleyule alikaa mbele ya waamuzi, sauti yake tulivu, akanianika. Eti najua kupiga kwa mguu mmoja tu. Eti nachoka mapema kipindi cha pili. Sasa nani asingechoka, ameamka gizani kupiga deki? Hilo hakulisema. Eti hakuna timu nyingine iliyoniulizia. Na mimi bado macho nimeyaweka chini.

Kisha akamalizia. Baba mdogo akaniinamia, akaninong'oneza, "Wanasema nini? Tafsiri."

Nikamtafsiria. "Anasema hata familia yangu ilikiri mbele yake kwamba mimi bado mdogo, sijui kitu, ninahitaji kufundishwa. Na kwamba mlisema mimi sasa ni mtoto wao."

Nilimwona mzee yule akipauka. Akasimama, akapaza sauti kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja, "Non! Ile ilikuwa heshima! Heshima!" Mwenyekiti wa waamuzi akamwomba kwa upole akae, kwa sababu wanaoruhusiwa kusema ni wawakilishi wa pande mbili tu. Wakili wangu naye hakujua hata tunazungumzia nini. Waamuzi wakachagua kiasi cha klabu.

Pale kituoni, tukingoja treni, baba mdogo alinigeukia. Nilidhani ataniomba radhi. Wapi!

"Na weye?" akasema. "Mimi luga yao siijui. Nilisema vile nikingoja wamuinue mutoto. Weye uliona hawamuinui. Unajua luga yao, unajua na desturi yetu. Sababu gani ulinyamaza?"

"Nilikuwa naheshimu, baba."

"Nani alikuambia heshima ni kuacha watu wakuibie mbele ya macho yangu?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Gunilla. Aharibu yeye, kisha nigombezwe mimi! Kwa miezi sikukanyaga Tumba. Niliendelea na deki, nikaendelea na mabao, na ndani ya hasira hiyo nikawa nasikia lile swali lake kila siku, mpaka nikakubali kwamba mzee hakukosea. Mle chumbani mimi peke yangu ndiye niliyeelewa pande zote mbili.

Msimu ulipokwisha Gunilla alikuja na maua na mkataba mpya. Nilimtazama usoni, nikamwambia kwa Kiswidi kwamba mimi ndiye mfungaji wake bora, na bei yangu ni hii.

"Umebadilika," akasema.

"Hapana," nikamjibu. "Safari hii sitafsiri maneno ya mtu mwingine."

Walikataa. Timu nyingine ikakubali, nikaacha deki, nikacheza mpira basi mpaka goti liliponisimamisha.

Basi, mwanangu, ukienda, nenda na mzee wako, usimwache nyumbani kwa kumwonea haya. Akikushusha kwa adabu, tafsiri maneno yake, kisha hapohapo fafanua: hivi ndivyo watu wetu wanavyoanza, na maana yake ni kwamba mtoto huyu ana thamani kubwa. Usingoje wao wakuinue. Hawajui kwamba ni zamu yao, na hata wakijua, kukuinua hakuwapi faida. Wakikukumbatia Jumapili, pokea. Wakikuponda Jumanne, jua wanapunguza bei, wala usiende kulala na maneno hayo. Kunyenyekea endelea nako, kwa wale wanaojua kukurudishia.

Mungu akutangulie ndani ya chumba hicho. Akunyanyue kichwa kabla hujaketi, na watakapouliza unataka nini, sauti ya kwanza kujibu iwe yako.