Siku Paka Alipotakiwa Kunyolewa

Niombe radhi mapema: hii naisimulia vibaya. Nimeisimulia jukwaani, nimeisimulia msibani, nimeisimulia hata kwa daktari wa meno mdomo ukiwa umejaa ganzi, na kila mara naiharibu kwa kucheka pasipostahili. Ndugu zangu wa Matombo wamenikataza kuiandika. Wanasema inaaibisha ukoo. Basi ndiyo naiandika. Anayetaka kukasirika akasirike akiwa amekaa, maana ni ndefu kidogo.

Nilipokuwa mtoto, kule milimani kwa bibi yangu mzaa mama, tulikuwa na paka dume mweusi, sikio moja limechanika, jina lake Katekista. Jina alipewa na Bibi mwenyewe, Mkatoliki wa kufa na kupona, kwa sababu paka yule aliingia kila nyumba bila hodi na akajua nani kapika nyama Ijumaa. Shida ni kwamba kigango chetu kilikuwa na katekista wa kweli, Mzee Gaspari, mtu mpole, ambaye njia yake ya kwenda kanisani ilipita uani kwetu. Bibi alikuwa akipaza sauti, "Katekista! Toa huo mguu kwenye mboga yangu!" na kutoka njiani sauti ya taratibu inajibu, "Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Mimi niko huku."

Tabia ya paka yule naweza kuieleza kwa miaka. Ukimpapasa mara tatu alinguruma kwa raha; ya nne alikung'ata. Alijificha uvunguni akisubiri visigino. Alilala juu ya unga, na ukimwondoa alikutazama kama wewe ndiye mgeni. Panya alimkamata, hilo silipingi, lakini alimla nusu na ile nusu nyingine alimwekea Bibi pale anapopigia magoti kusali. Bibi alimtetea kwa lolote. "Kila nyumba ina mkorofi wake," alisema. "Huyu angalau hanywi pombe."

Mimi nilivumilia hadi alipokojolea viatu vyangu vya Komunyo ya Kwanza. Vilikuwa viatu vyangu vya kwanza maishani, vyeupe, na nilikuwa sijavivaa hata mara moja. Siku ile nikatangaza kwamba ama yeye ama mimi.

Bibi akanishika sikio. "Sikiliza wewe. Paka hafukuzwi. Ukimtupa paka, anarudi, na akirudi harudi mtupu. Anarudi na jambo."

"Jambo gani, Bibi?"

"Lako."

Sikuamini. Na niseme wazi, hadi leo siamini. Shemeji yangu hapa Mafiga, kila akiona paka wetu anavyomrukia miguuni, husema mnyama mwenye hasira ameona kitu kwa mtu. Namjibu kwamba ameona soksi. Nimezeeka nikibishana na imani hizi, na nitazikwa nikibishana nazo. Ila ninyi endeleeni kusoma, halafu mniambie ningefanyaje.

Jirani yetu, ng'ambo ya migomba, alikuwa Mama Tekla, mjane aliyeuza viungo siku za gulio: mdalasini, pilipili manga, na hasa karafuu. Karafuu zake zilianikwa uani mwaka mzima, na harufu ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kilemba. Ukimsalimia "shikamoo", hata ile "marahaba" ilikunukia. Nilikwenda uani kwake akiwa shambani, nikaiba gunia lake moja la karafuu, tupu, lenye kiraka cha bluu. Nikamtia Katekista humo, nikafunga, nikatembea naye mgongoni asubuhi nzima kuteremka mlima, yeye akilia na kuchana, hadi barabara ya magari. Hapo nikamfungulia, nikakimbia. Gunia nikalitupa mtoni nikirudi.

Siku ya tatu alikuwa amelala juu ya unga.

Alirudi amekonda, ana matope, na ananuka karafuu. Na kuanzia siku ile, harufu ya karafuu ikimfikia, paka yule aligeuka shetani. Bibi alipotia karafuu mbili kwenye pilau ya Pasaka, Katekista alipanda juu ya paa na hakushuka hadi Jumatatu. Mtu mmoja tu kijijini alijua sababu. Alikuwa na umri wa miaka tisa na alikuwa kimya.

Sasa, msimu ule kuku walianza kufa. Leo najua ni mdondo, ugonjwa wa kuku unaofagia banda zima kwa wiki moja. Wakati ule tulijua tu kwamba wanakufa. Mjomba Bruno, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo, alipoteza kuku kumi na mmoja. Watu wakaanza kutazamana.

Ndipo wanawake walipokusanyika uani kwa Bibi kupura maharage. Mama Tekla alikuja kama kawaida, akakaa, na Katekista akatokea jikoni. Manyoya yakasimama. Mkia ukawa kama brashi ya kusugulia chupa. Akamfokea Mama Tekla, yeye peke yake kati ya wanawake tisa, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa kiumbe, kisha akakimbia. Fimbo za kupuria zikabaki juu.

Hapo ningesema. Neno moja, "gunia," lingetosha. Badala yake, jioni ile bombani, watoto wenzangu waliponiuliza ilikuwaje, nikawaonyesha. Nilikunja mgongo, nikasimamisha vidole vya masikio, nikafoka. Halafu nikageuka nikawa Mama Tekla, nikashika kilemba, nikatoa macho. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Mama mmoja aliyekuja kuteka maji akatua ndoo yake kabisa. "Igiza tena," akasema. Nikaigiza tena. Kesho yake wakaja watu wazima. Nilikuwa sijawahi kutazamwa na watu wazima bila kukemewa, na ilikuwa tamu, sitawadanganya, ilikuwa tamu kuliko nyama. Kila jioni nikaongeza kidogo: mara macho ya Mama Tekla yakawa mekundu, mara kivuli chake kikatangulia upande usio wake. Nilikuwa naboresha kazi.

Wiki mbili baadaye kijiji kizima kilijua kwamba Mama Tekla ni mchawi, na paka ndiye aliyemtambua.

Dawa yake ilijulikana: kunyolewa. Mtuhumiwa hupelekwa kwa mganga, hunyolewa nywele zote, hunyweshwa dawa, anarudi kichwa kikiwa kitupu ili wote waone. Wanasema uchawi umetoka. Lakini aliyenyolewa jina humbaki. Hakuna atakayenunua mdalasini kwake. Binti yake aliyeolewa Turiani alishamtumia ujumbe: Mama, hama, njoo huku kwenye miwa, watakumaliza. Tulimwona Mama Tekla akifunga mizigo, kisha tukamwona akiifungua.

Jumapili baada ya sala Mjomba Bruno akaita watu uani kwake. Alivaa koti lake la harusi. Akasema kwa upole mwingi kwamba hakuna anayemtuhumu mtu, bali kwa amani ya kijiji ni vizuri Mama Tekla akubali kusafiri kwenda kunyolewa.

Mama Tekla alisimama katikati. Akavua kilemba. Sijawahi kuona nywele zake kabla ya siku ile. Zilikuwa za mvi, zimesukwa mistari, zimepakwa mafuta. Akatoa kwenye pindo la khanga wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

"Kusafiri kwa nini? Wembe huu hapa," akasema. "Ninyoeni. Lakini mimi ni mtoto wa hapa, naijua desturi kuliko wewe, Bruno. Mshitaki na mshitakiwa hunyolewa pamoja. Hukalishwa pamoja, mmoja hapa, mwingine pale, ili mwongo ajulikane. Ndivyo ama sivyo?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo.

"Haya. Mshitaki wangu nani? Ajitokeze akae."

Aliwatazama mmoja mmoja. Jicho lake lilipofika upande wetu nilikuwa nimeshaingia ndani ya khanga ya Bibi.

"Ni wewe, Bruno?"

"Mimi sikusema," Mjomba Bruno akasema haraka. "Mimi nimepokea tu. Paka ndiye... ni yule paka."

"Basi mleteni paka. Aanze yeye. Akimaliza kunyolewa, mimi nakaa. Na asiponyolewa yeye, mkono wa mtu usiguse kichwa changu, leo wala kesho!"

Mnacheka. Pale hakuna aliyecheka. Watu walitazamana wakapima jambo lile kisheria, na kisheria lilikuwa sawa. Vijana wawili wakatumwa. Walirudi na Katekista ndani ya tenga, mikono yao ikivuja damu. Mjomba Bruno, kama mkuu wa ukoo, akachukua wembe. Hakuna mwingine aliyethubutu. Akakunja mikono ya koti, akafungua tenga kidogo, akasema, "Tulia, baba, tulia."

Mama Tekla alikuwa amesimama hatua mbili tu, na upepo ulitoka kwake.

Katekista hakupita mlangoni mwa tenga, alilipuka. Alipanda kifua cha Mjomba, akatafuta pa kujificha, akaona giza zuri la koti la harusi, akaingia kupitia ukosi. Mjomba Bruno alitupa wembe akaanza kucheza ngoma ambayo ukoo wetu hauna. Alizunguka, alijipiga mgongo, alilala, aliamka. "Katekista!" akapiga ukelele. "Katekista yuko ndani yangu! Mtoeni!"

Nyuma ya umati Mzee Gaspari akainua mkono. "Jamani, mimi niko huku."

Bibi yangu ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilianzia tumboni, nilikisikia mgongoni mwangu ndani ya khanga. Kisha mwanamke mwingine, kisha wazee, kisha watu wakawa wanashikana wasianguke. Paka akatokea kwenye mkono wa koti, akavuka uwanja, akatoweka kwenye migomba na manyoya yake yote. Bibi akafuta machozi, akasimama.

"Mshitaki amekataa kunyolewa," akasema. "Kesi imekwisha. Tekla, funga kilemba chako, twende tukale."

Nani angemrudisha Mama Tekla tena pale katikati? Wangemtazama yeye wangemwona Mjomba akicheza. Nisiwadanganye hata hivyo kwamba yote yaliisha. Kuna nyumba mbili ambazo hazikunywa maji kwake hadi anakufa. Lakini Turiani hakwenda. Alikaa pale pale, akaanika karafuu zake mahali upepo unapokuja kwetu.

Wiki iliyofuata aliniita. Nilimkuta anachambua mdalasini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Gunia langu liko wapi?"

"Gunia gani, Mama?"

"Lenye kiraka cha bluu."

Niliangalia miguu yangu. "Nililitupa mtoni."

"Na paka alikuwamo?"

"Si mtoni. Nilimfungulia barabarani."

Akaendelea kuchambua. Ikabidi mimi ndiye niulize. "Mama, kumbe ulijua. Kwa nini hukusema pale?"

"Paka wa kwenu kanuka karafuu mwezi mzima, mimi nisijue? Ningesema gunia, wangesema nimelitia dawa. Mtu anayeogopwa hasikilizwi, mwanangu. Ilibidi wacheke kwanza." Akaweka chini kijiti cha mdalasini. "Mimi nina sababu yangu. Na wewe, kwa nini hukusema?"

Niliinama nikaokota maganda yaliyomdondoka.

"Haya. Nasikia bombani unaniigiza vizuri mno. Wote wameniona ila mimi. Niigizie."

Nilikunja mgongo. Nilisimamisha vidole vya masikio. Sauti haikutoka. Nimepanda majukwaa zaidi ya miaka ishirini na mitano, nimezomewa, nimerushiwa chupa, mara moja umeme ulikatika nikaendelea gizani. Lakini mtazamaji aliyenishinda ni yule mmoja, ameketi kwenye kigoda, ananisubiri kwa heshima zote nianze.

Hakunipiga. Hakumwambia Bibi. Alinipa kijiti cha mdalasini nikatafune njiani, na hicho ndicho kilichoniuma.

Kwa hiyo shemeji akiniambia tena kwamba paka huona wachawi, nitambishia kwa sauti ile ile. Mnyama alichukia harufu, basi. Kilichobaki ni kazi ya mdomo, na mdomo ule naujua, nimewalisha wanangu kwa chakula ulichokitafuta. Bibi alisema paka atarudi na jambo langu. Alirudi nalo, akaliweka mlangoni kwa mtu mwingine, na mimi nikalitangaza.

Watu wakiniona leo huuliza kipara hiki nimekitoa wapi, maana baba alikufa na nywele zake na wajomba wote wanazo, hata Bruno. Mke wangu anasema ni dawa mbaya za kinyozi. Nyamaza, mke wangu. Uani kwa Mjomba alihitajika mshitaki ajitokeze anyolewe, mwenyewe akajificha kwenye khanga ya bibi yake. Kichwa kimengoja miaka, kimeona sina mpango, kikaamua kujinyoa chenyewe.