Mfungo wa Komanda Rugaba

Rugaba hakuwa mtu wa kutulia. Alipofika Louisville, Marekani, kutoka milima ya Kivu Kusini alipata kazi ya bohari na kanisa la watu wa kwao, lakini hata kiti hakijapata joto akagombana na mchungaji kwa sababu vijana walichezea simu wakati wa mahubiri. Akahamia Columbus. Huko akakuta wazee wanaofupisha ibada ili wawahi mpira, akawaambia usoni kwamba wamepoa kama chai ya jana. Akafungasha tena. Buffalo alipanga nyumba ndogo mtaa wa Riverside, akaingia kiwandani huko Tonawanda, na safari hii hakutafuta kanisa lenye moto. Aliuwasha mwenyewe.

Moto huo aliutoa kitabuni. Alikuwa amesoma habari za watawa wapiganaji wa zama za vita vya msalaba, watu walioapa umaskini, usafi na utii, wakamfuata mkuu wao vitani bila kuuliza. Hilo neno utii lilimkaa moyoni. Akakusanya waombezi, akawavika vitambaa vyeupe vyenye msalaba mwekundu, akawapa kanuni: mkuu akitangaza mfungo, hakuna anayeufungua ila mkuu. Wakamwita Komanda, naye hakulikataa jina. Tusimpunje haki yake: aliwazolea wajane theluji, na wagonjwa aliwatembelea kabla ya mchungaji. Lakini wema wa mtu haumzuii kulewa amri.

Vita vilipozidi huko kwao milimani, alitangaza mfungo mkavu, bila chakula wala maji, mpaka Jumapili jioni. Generoza, mkewe, alikuwa na kisukari na alimeza kila siku dawa za kushusha sukari. Rugaba alilijua hilo.

"Mke wa Komanda akila, askari watafanya nini?" alimwambia.

Jumamosi mchana, waombezi wakiimba katika chumba cha chini ya nyumba yake, Rugaba alipanda jikoni akamkuta Generoza ameketi sakafuni, jasho linamtiririka, mikono ikitetemeka. Binti yao Umutesi alimshikia glasi ya juisi.

"Kunywa, Mama. Sukari imeshuka."

"Apana. Baba yako hajafungua."

Umutesi alizoea kumjibu baba yake kwa Kiingereza. Siku hiyo alichagua Kiswahili.

"Papa, wale watawa wako tumewasoma chuoni. Mkuu wao mmoja aliambiwa maadui ni wengi, turudi. Akamwita aliyemshauri mwoga. Wakamtii, wakashambulia. Unajua nani alirudi?"

"Nani?"

"Yeye, na wachache sana. Waliomtii walikufa palepale."

Rugaba alikwenda dirishani, akarudi, akashika kitasa cha mlango, akakiacha. Kagabo, msaidizi wake, akatokea ngazini.

"Komanda, tunakungojea. Bon, kuna nini?"

"Mama anaumwa," Umutesi alisema.

"Ni majaribu hayo! Shetani anapiga nyumba ya mkubwa. Ukifungua leo, donc tulifunga ya nini? Ama ni kweli ile walisema Columbus, kwamba weye ni mtu wa kukimbia?"

Neno hilo lilimchoma. Wazo likamjia: amnong'oneze mkewe anywe, kisha ashuke akaendelee kuimba, nani angejua? Lakini Generoza alikuwa amefumba midomo kama mtoto aliyekatazwa, akimtazama yeye tu, na macho yake yalianza kupoteza nuru. Rugaba akapiga magoti.

"Bwana, mfungo huu niliutangaza mimi, nami ninaufungua. Amina."

Kagabo akageuka, akashuka ngazi. Umutesi alimnywesha mama yake polepole, na mikono ilipoanza kutulia, Rugaba akachukua jagi la maji na vikombe, akashuka.

"Mfungo umekwisha," alisema. "Kunyweni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Rakeli, mwanamke mjamzito aliyeketi mbele, alitabasamu kwa midomo iliyopasuka.

"Komanda anatupima," alisema. "Tunakujua, Papa. Hatuanguki."

"Sipimi mtu, dada. Kunywa."

"Haleluya! Hata Mwokozi alijaribiwa ageuze mawe yawe mikate."

Wengine wakacheka kwa furaha, wakapaza wimbo. Rugaba akapaza sauti juu yao, nao wakaimba zaidi. Hapo akajimiminia kikombe akanywa mbele yao, maji yakimdondoka kidevuni. Wimbo ukakatika.

"Ameanguka," Kagabo alisema kwa upole, kama anayetangaza msiba. "Twendeni kwangu, wapendwa. Tumalize."

Wakainuka mmoja mmoja, wengi wao wakikwepa kumtazama. Rugaba aliwafuata barabarani bila koti, jagi mkononi, akimwita Rakeli kwa jina. Rakeli aliongeza mwendo. Rugaba naye akaongeza wake.