Mtungi wa Mgeni

Mama yangu alikuwa mkali, na nasema hivyo kwa mapenzi. Aligombeza watoto, majirani, kuku na muuza mkaa. Ni mgeni tu ambaye hakumgombeza. Mgeni alipewa kiti, akapewa sahani yake peke yake, akaulizwa habari za safari kwa sauti laini ambayo sisi wa nyumbani tuliisikia kwa mbali. Ukitaka kujua kama umeshakuwa mtu wa nyumba ile, ungoje mpaka ukaripiwe.

Alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Baba alitangulia zamani. Ndugu zangu wako Ulaya na Kanada, wananipigia simu Idi kwa Idi. Mume tuliachana, mtoto Mungu hakunijalia. Nimebaki Buyenzi, mtaa wetu wa mjini, na karai langu la maandazi, katika nyumba ambayo ukizima redio unasikia bomba la jirani likidondosha maji. Hapo ndipo likanijia swali ambalo halikutaka kuondoka: kuna mtu gani bado ananihesabu kuwa wake?

Upande wa baba wameisha. Upande wa mama niliwajua kidogo tu, maana tulipandishwa kwao mara chache tukiwa wadogo. Walikuwa Wakristo wa milimani. Baba alikuwa Mswahili wa mjini, Mwislamu, aliyepeleka vitenge kwenye soko lao, na siku moja akashuka na mke.

Mtoto wa mjomba wangu huteremsha viazi kuuza soko la Kanyosha, huku mjini. Alipokuja kunipa pole nikamwambia nataka kupanda naye kwao.

"Dada, kule baridi ni mingi," akasema. "We utaweza?"

Nikamjibu nitavaa masweta mawili. Nilivaa matatu na bado meno yaligongana.

Mama alizaliwa kwenye uwanda wa juu kabisa, ukingoni mwa msitu wa Kibira. Hakuna migomba huko. Kuna nyasi ngumu, vichaka vya majani membamba, na udongo mweusi uliojaa maji, ukikanyaga unabonyea. Zamani watu walikaa humo na ng'ombe wao. Sasa ni hifadhi, na wenyewe wako kwenye vijiji vya pembeni. Huruhusiwi kulisha wala kukata nyasi, na ukitaka kuingia lazima mlinzi akufuate nyuma.

Tulitembea kwenye ukungu mpaka binamu yangu akasimama mbele ya miti miwili mizee iliyokaribiana.

"Ni hapa," akasema. "Mulango ya nyumba ilikuwa katikati ya hii miti."

Nilikuwa nimejiandaa kulia, hata kitambaa nilikuwa nimeshakishika mkononi. Kilio hakikuja. Nilisikia tu maji yakiingia kwenye viatu vyangu, na upepo. Nilijaribu kumfikiria mama akiwa mtoto pale, akipita kati ya ile miti, nikashindwa. Mama niliyemjua alikuwa wa ua wa saruji na vumbi la Buyenzi. Nikainama nichume walau jani moja la kwenda nalo.

"Dada, apana," binamu akaninong'oneza. "Hata jani moja hawakubali."

Mlinzi aligeuza uso kwa adabu ili nisione haya. Adabu yake iliniudhi kuliko kama angenifokea. Tukarudi kijijini mikono mitupu.

Huko walikuwa wananingoja. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakanipa kiti, na kilikuwa kiti pekee ndani ya nyumba. Kirundi nakielewa chote, lakini nikikisema kinatoka na lafudhi ya Buyenzi. Watoto wakacheka, mtu akawanyamazisha. Mama yangu mdogo, wa mwisho aliyebaki wa tumbo lile, alinishika kwa mikono miwili. Akaniuliza habari za safari kwa sauti laini. Niliitambua mara moja ile sauti ya kuongea na wageni.

Kisha ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama, wakauzunguka wote, kila mtu na mrija wake, vichwa vikikaribiana. Mbele yangu ukawekwa mtungi mwingine, mdogo, wenye mrija mmoja.

"Hii ni yako, ni mutobe," binamu akanieleza. "Juisi ya ndizi tu, pombe apana. Tuliiagiza huko chini kwa sababu yako. Hakuna mutu ameigusa."

Walikuwa wamehangaika kweli. Mtu alibeba dumu zima kupanda nalo mlima ili Mwislamu mmoja asikose kinywaji. Nikashukuru, nikanywa. Ilikuwa tamu, na kwa miezi yote ile sikuwa nimewahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia juu ya kile kiti. Wao walicheka na kusukumana mabega chini, mimi nilivuta juisi yangu huku nikitazama visogo vyao. Niliwaza: jibu nimelipata, kesho nishuke na gari la viazi nikakande unga wangu.

Mama mdogo akaacha kunywa. Alinitazama, akaomba maji. Alisukutua mdomo mara kadhaa, akaenda kutema nje, akarudi akidai mrija mpya ambao haujaguswa na pombe.

"Dada yangu ndiye aliyenifundisha," akasema kwa Kirundi. "Alipoingia dini ya mume wake, hakuniruhusu kusogelea mtungi wao mpaka nisukutue. Mume wake hakunywa peke yake hata siku moja hapa."

Akaketi kwenye mkeka karibu na mtungi wangu, akatumbukiza mrija wake. Nikashuka kwenye kiti nikakaa naye, vichwa vyetu vikigusana. Alinuka moshi na siagi. Nikaanza kuvuta juisi haraka haraka, nisionekane uso.

Akautoa mrija mdomoni.

"Unakunywa mbio hivyo, nani anakufukuza? Na hivyo viatu vimelowa, umekaa navyo tangu mchana! Unataka kifua kikubane? Mtu mzima mwenye mvi! Vivue."

Binamu yangu alitahayari.

"Shangazi," akamwambia kwa upole, "huyu ni mgeni."

"Mgeni wa nani?" akamjibu, kisha akanigeukia. "Bado tu hujavivua?"

Nilifurahi mpaka nikashindwa kuificha. Nikavua viatu huku nalia, na kitambaa nilikuwa nimekiacha kwenye mkoba.