Sili ya Oili ya Tatu: Kinakomba hadi Garsen

Niliondoka nyumbani Kinakomba kwa sababu mahindi yangu yalikuwa yameanza kutoa mbelewele na pampu ya kuvuta maji mtoni imelala. Mahindi yakikosa maji wakati huo, mkulima huvuna magunzi. Sili ya oili, ule mpira wa mviringo unaokaba shafti ili oili isitoke kwenye injini ya pampu, ilikuwa imefumuka. Fundi mmoja wa Hola akaniwekea mpya, nayo ikafumuka siku hiyo hiyo. Kwa hasira nilimtangaza soko zima kuwa ni tapeli. Shemeji yangu Dhadho, mtu asiyekosa dawa ya ugonjwa wowote, akaniambia, "Ipake gundi pembeni, shemeji, utie na oili nzito. Itatulia tu."

Nikakataa. Injini ningeipeleka Garsen mwenyewe, tena nzima, bila kufunguliwa.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda ilitufikisha mimi na pampu barabara kuu. Nikapata pikapu inayorudisha kreti tupu za soda Garsen. Dereva alipoona oili imechuruzika kwenye leso yangu, akanishauri nipachike kipande cha sabuni pale panapovuja. Kumbe Tana nzima haina mtu asiye fundi! Nikaitikia kwa adabu, nikaikumbatia pampu yangu.

Saa nne, Garsen. Fundi Barissa, Muorma aliyewaachia nduguze ng'ombe akashika spana, hakugusa kitu kwanza.

"Sema, mama. Nini ilibadilika kabla hii kuanza kuvuja?"

"Hakuna."

Akaizunguka injini, akachomoa mpira mwembamba unaotoka juu yake, akatoa ndani kipande cha gunzi.

"Na hii, nani ameweka?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Dhadho ndiye aliyesema, kabla sili ya kwanza haijafumuka, kwamba pale panatema oili, nipazibe. Nilitamani kumtaja, lakini mkono ulioziba ulikuwa wangu, na fundi wa Hola sikumwambia.

"Ni mimi," nikasema.

"Injini inapumua hapa, mama. Ukiziba, hewa inasukuma oili, inatafuta mlango. Weka sili kumi, zote zitatoka."

Akaing'oa sili mbovu kwa bisibisi, taratibu, asije akakwaruza shafti. Mpya akaipaka oili, akaigongea kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikakaa sawa.

Saa tisa alasiri nilikuwa nimesharudi shambani, ukingoni mwa mto, nikavuta kamba. Injini ikanguruma, maji yakaingia mferejini. Mistari miwili ya mwisho ya mahindi ilikuwa imeshakauka. Iliyobaki niliiwahi.

Dhadho akaja akainama. "Shemeji, pale juu bado panatoa moshi."

"Acha patoe. Shika jembe ufungue mfereji."

Nilichojifunza safari hii ni kwamba ushauri usioulizwa sababu ni hatari, na fundi unayemficha jambo hawezi kukusaidia hata awe bingwa. Nikampigia simu yule wa Hola, injini ikiwa inanguruma.

"Fundi, sili yako haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeiziba injini nikakuficha. Jumamosi nakuja sokoni kuwaambia wale wale niliokusengenyea."

Akauliza:

"Hiyo ndiyo inanguruma?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi kata simu, mama. Mwagilia."