Mume Wangu Amenifungia Kompyuta ya Kazini

(Barua hii imetufikia kutoka Mwanza. Majina tumeyabadili ili kumlinda mwenyewe. Maneno ni yake.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike, Neema. Kwetu ni Majita, lakini tunaishi Mirongo, hapa mjini. Nafanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara, hivi vilivyoota ufukweni tangu biashara ifunguliwe. Naingiza kwenye kompyuta samaki wa kila wakala: wametoka mwalo gani, yaani wameshushwa ufuko upi, wana uzito gani, wangapi wamekataliwa. Kazi hii naipenda. Nilijifunza ile mashine wakati wenzangu wanaogopa hata kuigusa.

Mwaka huu bosi alileta kompyuta mpya. Moja kubwa ikawekwa chumbani kwake, zetu zikaunganishwa nayo kwa nyaya, na kumbukumbu zote za mashine ya zamani zikatakiwa kuhamia huko. Bosi alipotafuta fundi, ni mimi niliyesema, "Mzee, mume wangu anaiweza, amesomea Dar." Baba Neema alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu tangu shirika lao lipunguze wafanyakazi. Akapewa kazi. Jamani, nilivyofurahi kutoka naye mlangoni asubuhi!

Mwanzoni taabu ilikuwa ya wote. Kumbukumbu zinahama nusu, mawasiliano yanakatika, anaanza upya. Akabadilisha waya, zikapita zote. Lakini siku tuliyoanza kutumia mashine mpya, wenzangu wote walifungua. Mimi nikaandika jina langu na neno langu la siri, kioo kikajibu kwa Kiingereza kwamba sina ruhusa.

"Hitilafu ndogo tu, Mama Neema," mume wangu akasema. "Kuhamisha kuna mambo yake. Vumilia."

Nikavumilia. Leo anasema waya, kesho anasema mashine. Sabina, tunayekaa naye meza moja, akapewa mawakala wangu wa Busisi. Nikaanza kumtazama kwa jicho baya. Nikiingia ofisini, maongezi yanakatika. Nikawa najiuliza nimeiba nini.

Mchana mmoja Baba Neema alipokwenda kula, nilimwomba Sabina anipishe. Nikaandika jina langu kwenye mashine yake, ikakataa. Nikamwambia aandike lake kwenye yangu, ikafunguka hapo hapo. Basi waya ni mzima, na mashine ni nzima. Kilichofungwa ni jina langu. Na anayegawa ruhusa kwenye ile kompyuta kubwa ni mtu mmoja tu, ninayelala naye kitanda kimoja.

Sabina akainamisha kichwa. "Lakini dada, si unaacha kazi? Ndivyo tulivyoambiwa."

Nilikwenda kwa bosi. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, Kisukuma chake kinanishinda mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, nani amesema naacha kazi?"

Akashangaa. "Si ulimtuma mumeo? Alisema umechoka, mtoto anakuhitaji, tukupunguzie polepole Sabina azoee. Mimi nikaona aibu kukuuliza mambo ya ndani ya nyumba."

"Sikumtuma, mzee."

Akaniambia nirudi mezani kwangu.

Jioni nilimuuliza mume wangu. Kwanza alikana. Kisha akasema Neema anakohoa na msichana wa kazi hajui kumtunza. Nikamwambia Neema mzima, yule pale anacheza. Akabadilika: "Unadhani sioni wale mawakala wa Busisi wanavyokuchekea?" Nikamwambia amtaje hata mmoja. Hakumtaja. Sababu mbili kwa jioni moja! Tangu hapo naamini iko ya tatu anayonificha.

Kesho yake bosi alimwita na kumwamuru afungue jina langu mbele yetu. Wasomaji, ilichukua muda wa kupiga chafya! Mikono ile ile niliyokuwa naionea huruma ikihangaika na nyaya.

Mume wangu alipotoka, bosi akanibakiza. "Nataka fundi wa kudumu wa mashine hizi, na moyoni nilishampa yeye. Sasa mtu anayemfungia mkewe, mimi atanifanyaje? Lakini ni baba wa mtoto wako. Abaki au aondoke, nitafuata neno lako. Jumatatu unijibu."

Mume wangu hajui hilo. Tangu siku ile amekuwa mpole wa kutisha. Ananunua samaki, tena sato, anamwogesha mtoto, ananiita majina ya uchumba. Kisha katikati ya chakula anauliza, "Hivi mzee alikubakiza kwa nini?" Nasema, mambo ya kazi. Ananiangalia. Namwangalia. Tunaendelea kula.

Nikisema aondoke, atarudi kukaa nyumbani, na iko siku atajua ni mdomo wangu uliomtoa. Nikisema abaki, funguo za kazi yangu zitakuwa mikononi mwa mtu aliyenidanganya huku akinifariji. Mama yangu simwambii, atasema nirudi Majita. Wifi zangu wa Misungwi ndiyo kabisa, watasema nimemkalia kaka yao.

Dada zangu, kaka zangu, nanyi mliokaa kwenye ndoa kuliko mimi, nisemesheni kama mtoto wenu. Jumatatu nikiingia kwa yule mzee, nimjibu nini?